Nakshi ikibambuka: jinsi pambo jipya linavyolinganishwa na la kale katika nyumba za Lamu

Masika yakipita, picha za aina moja huanza kuzunguka kwenye simu za watu wa Lamu. Ukuta mweupe wa nyumba ya kale, zidaka zimejipanga safu juu ya safu, na katikati yake pengo la ukubwa wa sinia ambapo nakshi imebambuka na mawe yako wazi. Chini ya picha ni maswali. Fundi gani bado anaweza kuirudisha? Hazipatikani nakshi za kununua dukani, zikabandikwa tu? Simiti si ndiyo ngumu zaidi? Na wako wanaouliza kwa uchungu: nyumba nimerithi kwa babu yangu, iweje niombe ruhusa kuziba tundu?

Maswali yote haya yana majibu, ila yamefungamana kama nyavu iliyotupwa pembeni, na anayevuta uzi mmoja hukaza mingine. Nianze na majina, kwa sababu nusu ya mkanganyiko umo humo.

Nakshi ni pambo lililokatwa au kuchongwa, liwe kwenye mbao za mlango au kwenye lipu ya ukuta. Lipu ni ile tabaka inayopakwa juu ya mawe ili ukuta uwe laini. Kidaka ni kishubaka kilichojengwa ndani ya unene wa ukuta, na zikiwa nyingi ndizo zidaka, zile zilizoujaza ukuta wa ndani kabisa ya nyumba, ambako sahani za kaure kutoka China ziliwekwa zionekane. Ukingo ni mkanda wa nakshi unaozunguka kidaka, mlango au mwisho wa ukuta. Boriti ni miti ya mikoko inayobeba dari, na ndiyo iliyoamua kipimo cha nyumba nzima. Boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda, kwa hiyo vyumba vya kale vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, huku urefu ukiachiwa uende utakavyo.

Kuna maneno mengine matatu ambayo watu huyatumia kana kwamba ni moja. Kukarabati ni kuzuia kitu kisiendelee kuharibika. Kurejesha ni kukirudisha katika umbo ambalo una ushahidi kwamba kilikuwa nalo. Kulinganisha ni kutengeneza kipande kipya kikae pamoja na cha kale bila kugombana nacho. Mwenye nyumba akimwambia fundi "nirekebishie hapa," kila mmoja anaweza kuwa na kazi tofauti kichwani, na ugomvi wa malipo huanzia hapo.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Katika nyumba za kale za Ulaya, mapambo mengi ya ukingo hutengenezwa kwa kipande cha bati kilichokatwa umbo, kinaburutwa juu ya plasta laini hadi umbo litokee, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho wa chumba. Mengine humiminwa kwenye kalibu na kubandikwa. Ndiyo kazi unayoiona kwenye video za intaneti, na ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba pambo ni kitu cha kununua kwa mita. Nakshi ya Lamu haikubandikwa. Chokaa ilipakwa ukutani, na ilipokuwa bado haijakauka, fundi akaikata palepale kwa mkono. Kwa hiyo nakshi na lipu ni mwili mmoja, na lipu na jiwe ni ndugu wa damu. Nasema ndugu wa damu kwa maana halisi, na inafaa kulieleza hili polepole.

Mawe ya nyumba hizi ni ya matumbawe. Mengine ni magumu, yaliyochimbwa nchi kavu, kama yale ya kisiwa cha Manda. Mengine yalitolewa baharini yakiwa mabichi, laini na mepesi, na hayo ndiyo yaliyochongwa sehemu zenye pambo. Chokaa nayo hutokana na matumbawe hayohayo. Huwekwa juu ya magogo yaliyopangwa duara, yakawashwa moto. Yakifika joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi, jiwe hutoa hewa iliyofungwa ndani yake, na kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kilichobaki kikimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga au uji mweupe. Uji huo ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa iliyoutoka tanuuni, siku baada ya siku, kuanzia juu kwenda ndani, mpaka unarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo lipu ya chokaa ni jiwe la matumbawe lililozunguka safari na kurudi nyumbani. Linanyonya maji sawa na jiwe lililo nyuma yake, na linayaachia sawa nalo.

Simiti haifanyi hivyo. Ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu kwa urahisi. Mtu akisikia "ngumu" anadhani amesikia "bora". Fikiria mtu anayefanya kazi juani katika mtaa wa Langoni amevaa shati la pamba, na mwenzake amevaa koti la plastiki la mvua. Wa pamba atalowa jasho kisha atakauka. Wa plastiki atabaki amechemka ndani. Ukuta wa matumbawe daima una unyevu: unapanda kutoka ardhini, unaingia na mvua, unakuja na hewa ya bahari. Kwenye chokaa unatoka na kwisha. Kwenye simiti unakwama nyuma ya lipu.

Na unyevu wetu si maji matupu, una chumvi. Tazama ng'onda anapoanikwa: maji yanatoka na chumvi inabaki juu, nyeupe, kama vumbi. Ukutani ni vivyo hivyo. Maji yakipata njia ya kutokea usoni, chumvi huota usoni ikafagiliwa. Yakizibwa njia, hukaukia nyuma ya simiti, na punje za chumvi huota ndani ya vitundu vya jiwe, hujitanua, na kulivunja kwa ndani. Kwa nje kiraka kinang'aa. Ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia kitupu, kama ngoma.

Nyumbani kwa bibi yangu, katika mtaa wa kale wa Mkomani hapa Lamu, ndivyo ilivyokuwa. Ukingo wa kidaka kimoja ulikuwa umeanza kumomonyoka chini, pengo la kiganja tu. Mkandarasi mmoja akaziba kwa simiti kwa nusu siku, akachora vimstari juu yake kwa msumari, tukashukuru. Masika mawili baadaye kiraka kilikuwa bado kizima kabisa. Kilichoanguka ni nakshi ya kale iliyokuwa juu yake na pembeni yake, ile ambayo haikuwa na kasoro yoyote siku ile tulipoanza. Unyevu ulizibwa pale kwenye kiraka, ukatafuta njia mahali palipokuwa laini. Bibi aliokota vipande akavitia kwenye kapu, na kapu lile lilikaa chini ya kitanda chake miaka mingi. Nitalirudia.

Kwa wale wasemao kwamba bila simiti nyumba haisimami, kuna tarehe moja tu ya kuwekwa mezani. Simiti tunayoinunua leo ya mfuko, ile iitwayo Portland, ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824. Ngome ya Lamu ilikamilika mwaka 1821. Nyumba nyingi za mawe za Mkomani zenye zidaka ni za karne ya kumi na nane. Zote zimesimama kwa chokaa, na zile zinazoharibika haraka zaidi ni ambazo tumezipaka dawa isiyo yake. Rangi za kisasa zinazofunga ukuta kama ngozi ya plastiki zimo katika kosa lilelile. Ukuta wa chokaa hupakwa chokaa.

Basi tuseme mwenye nyumba amekubali. Nakshi imeanguka, ukingo una pengo, anataka kipande kipya kilingane na kilichobaki. Kazi inaanzia wapi?

Inaanzia kwenye maji, na hapa ndipo wengi hawana subira. Dari inavuja? Bomba la jirani limepasuka? Udongo wa ujia umepanda kupita kizingiti? Nakshi mpya juu ya ukuta unaolowa ni kama wanja kwenye jicho linalotiririka machozi. Ukuta ukaushwe kwanza, simiti ya zamani itolewe kwa tindo ndogo na taratibu, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, na itafagiliwa tena wiki inayofuata, na tena.

Kisha kusoma pambo. Nakshi iliyobaki mara nyingi huwa imefunikwa na matabaka ya chokaa iliyopakwa mwaka hadi mwaka, mpaka jani lililokuwa na mishipa limekuwa kama kitumbua. Matabaka hayo yatolewe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, kidogo kidogo, yakiwa yameloweshwa. Asidi isiguse, brashi ya waya isiguse. Mahali pamoja pasipoonekana sana, fundi mzuri hukwangua kidirisha cha ngazi, tabaka moja baada ya jingine kama maganda ya kitunguu, apate kuona ukuta ulivyokuwa tangu mwanzo.

Sasa karatasi nyembamba inalazwa juu ya nakshi nzima iliyosalia, inasuguliwa kwa mkaa au penseli laini, na pambo linajitokeza lenyewe. Karatasi inakupa upana na urefu, haikupi kina. Kwa kina, chukua waya laini wa risasi wa kulehemu, ubonyeze ukingoni ufuate mabonde na vilima vyake, uutoe bila kuupinda, uuchore ubavu wake kwenye kadi. Hapo una sura ya mbele na ya ubavuni.

Hapa ndipo kosa la pili kubwa linapofanyika, na hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Wanapima ua moja, wanalichora kwenye kompyuta, wanalirudia mara ishirini, yote sawa. Likiwekwa ukutani, jicho linalikataa hata kwa mtu asiyejua lolote la ujenzi. Sababu ni kwamba maua ya kale hayakuwa sawa. Fundi alikata la kwanza mkono ukiwa mbichi, la kumi mkono ukiwa umeshika mwendo, na kwenye kona akabana mawili kwa sababu nafasi ilimwishia. Anayeshona kofia ya vito, ile ya matundu na maua ya uzi, analijua hili. Ukipewa kofia iliyochanika umalizie, huanzi na ua. Unahesabu matundu, unatazama uzi ulivutwa kwa nguvu kiasi gani, unashona mistari kadhaa kwenye kitambaa kingine mpaka mkono wako unakwenda kama wa mwenye kofia. Nakshi ni hivyo. Pima maua matano au sita, uone yanatofautiana kwa kiasi gani, kisha la kwako lifuate jirani yake wa karibu zaidi, na tofauti zake ziwe ndogo kama zake.

Lipu yenyewe hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja ikiachwa ishike kabla ya nyingine. Kipimo cha kuanzia ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga safi ulioondolewa chumvi. Fundi mwenye uzoefu hukipunguza au kukiongeza akiitazama lipu ya kale iliyovunjika: punje zake ni kubwa au ndogo, rangi yake inaelekea weupe au wekundu wa udongo. Ukuta uloweshwe kabla ya kupakwa, la sivyo mawe yatanyonya maji yote ya lipu na kuiacha unga. Magunia mabichi yaning'inizwe mbele, jua na upepo wa kusi visiikaushe kwa pupa, kwa kuwa chokaa iliyokaushwa kabla ya kushika hubaki dhaifu.

Tabaka la mwisho ndilo linalokatwa nakshi, na lina saa yake. Mapema mno, kisu kinavuta uji. Kwa kuchelewa, lipu inamenyuka vipande. Mzee mmoja aliyenionyesha kazi hii alinishika mkono akanibonyezea kidole gumba ukutani. "Mwanangu, ikiwa kama halua iliyopoa, ndipo." Nilitazama: alama ya kidole ilibaki wazi, mpaka mistari ya ngozi, na kidoleni hapakunata kitu. Akachukua kisu kidogo, makali yake yamelazwa kidogo, akakata upande mmoja wa jani kwa mvuto mmoja kutoka shinani kwenda nchani, kisha upande wa pili ukakutane naye. Ule utepe uliotoka haukukatika. Aliufuta kwa ubavu wa kiganja, akasogea kwenye jani jingine bila kurudi nyuma kulisafisha lile la kwanza. Nilipomuuliza kwa nini halisawazishi, alisema wa kale naye hakurudi.

Nakshi za jipsamu za kununua, zilizomiminwa tayari, zina mahali pake katika nyumba mpya yenye ukuta mkavu. Katika nyumba ya matumbawe jipsamu huvimba na kulegea ikipata unyevu, na gundi yake huziba ukuta kama simiti. Simlaumu anayezinunua, maana ni nafuu na zinapendeza siku ya harusi. Ila asiambiwe kwamba amerejesha kitu.

Liko swali ambalo hata mafundi wenyewe hawakubaliani: je, kipande kipya kionekane kuwa kipya? Wengi huamini fundi hodari ni yule ambaye hutambui alipogusa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanaufuata mpaka leo, unasema kipande kilichoongezwa kikae kwa maelewano na jengo, lakini kiweze kutofautishwa na cha asili, ili historia isighushiwe. Unasema pia kurejesha kukome pale kubahatisha kunapoanza. Nakubaliana nao, na sioni kama unamzuia fundi kuwa hodari. Njia rahisi ipo: kina cha pambo jipya kipungue kuliko cha la kale kwa unene wa ukucha, au mwaka uchorwe mahali pa siri nyuma ya ukingo. Aliyesimama katikati ya chumba ataona ukuta mmoja. Atakayekuja na taa kuusoma, miaka hamsini ijayo, hatadanganyika. Na pale ambapo hakuna kipande kilichobaki, wala picha, wala kidaka cha upande wa pili cha kukifuatisha, paachwe lipu tupu, safi.

Milango ina hadithi yake ndefu, nami nitagusa mawili tu. La kwanza ni mti. Kipande cha kuziba kwenye mlango wa mbambakofi au msaji kitoke kwenye mti wa aina ileile, mkavu, na nyuzi zake zielekee upande uleule, kwa sababu mbao hujitanua na kusinyaa kufuata nyuzi, na vipande viwili visivyoelekeana vitaachana kwenye kiungo ndani ya kaskazi moja. La pili ni mkono. Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi wa Lamu, mwandishi wa hati za Kiarabu na mchongaji wa milango, na mimi siwezi kuutazama mlango uliochongwa na mkono uliozoea kalamu bila kuona kalamu ndani yake: mstari unaanza mwembamba, unanenepa kwenye mpindo, unakwisha mwembamba tena. Mashine ya kuchonga hutoboa upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kulinganisha nakshi kama hiyo, tafuta kwanza unene wa mstari unabadilika wapi.

Niongeze kwamba kuutoa mlango wa nyumba moja ili kuziba pengo la nyumba nyingine, au hoteli, si kurejesha. Ni kuvunja nyumba mbili kwa pamoja.

Kuhusu ruhusa, uchungu wa wenye nyumba naufahamu. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inayolinda majengo kama haya. Nyumba inabaki mali yako. Kinachohitaji idhini ni kuibadilisha, na afisi ya Makumbusho ya Taifa iliyopo Lamu ndiyo pa kuulizia kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Nenda na picha za pengo, na za nakshi iliyobaki pande zote. Kuulizia mapema kuna faida ambayo haizungumzwi: mara nyingi ndipo mtu anapojulishwa kwa fundi wa chokaa, na mafundi hao hawabandiki matangazo.

Na kama nakshi imeshaanguka, usifagie. Okota kila kipande, hata kilicho kidogo kama punje ya mahindi, ukiweke kwenye kapu kavu, uandike kimetoka kidaka cha ngapi na safu ya ngapi. Kile kidaka cha bibi kilipofika zamu yake, karatasi na waya havikutusaidia sana, kwa sababu ukingo uliobaki ulikuwa umekwisha makali. Mzee yule aliomba kapu. Alivimwaga vipande juu ya mkeka, akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti, na jua la alasiri halijafika ukutani alikuwa ameshakutanisha majani matatu na nusu. Lile nusu alilitazama muda mrefu kuliko yote, kisha akalilaza juu ya karatasi na kuanza kulizungushia penseli.